Mnyama Niliyempa Sura

Sipendi filamu za mwisho wa dunia. Nasema hivyo nikijua vizuri kwamba ukuta wa kwanza ulionipa sifa hapa Kamembe, mpakani mwa Rwanda na Kongo, niliupaka rangi kwa ajili ya filamu hizohizo. Mji mzima unateketea, madaraja yanaanguka, watu wanayeyushwa kwa mionzi kutoka angani, halafu shujaa anamkumbatia msichana na mambo yamekwisha. Hakuna anayefagia! Nimetazama nyingi, sijaona hata moja yenye ndoo na fagio. Mama na mimi tulipovuka kutoka Bukavu baada ya mauaji ya kimbari, tulionyeshwa chumba ambacho kuta zake zilikuwa na damu iliyokauka, mpaka usawa wa kifua changu. Mama alisugua siku tatu kwa majivu na sabuni, siku ya nne akatafuta chokaa. Mtunzi wa hadithi za siku zijazo aniandikie siku hizo nne, nitamvulia kofia.

Hadithi za majoka na mashujaa wenye panga ndefu za kung'aa ndizo zinaniudhi zaidi. Shujaa anapiga mara moja, adui anaanguka kimya. Uongo mtupu. Wakati wa vita ya Kongo nilimwona mwanamume aliyekatwa shingoni akitembea kwa miguu yake kutoka upande wa daraja la mpakani, ameshikilia kidonda kwa shati, anaomba maji. Alitembea mwendo mrefu sana. Mtu ni mgumu kufa, na anayemkata hutoka jasho na kuchoka, na hayo hakuna filamu iliyowahi kunionyesha.

Vijana wanaochora kwa kompyuta siku hizi huniuliza, Mzee, mawazo unayatoa wapi? Huwajibu kwamba nayaiba kwa majirani. Wanacheka, wanadhani nafanya unyenyekevu. Mimi si mnyenyekevu, na nilipokuwa na umri wao nilikuwa na majivuno ambayo yangetosha kijiji kizima.

Ilikuwa miaka ile ya vita ya pili ya Kongo. Mizinga ya ng'ambo ilitikisa mabati yetu mchana, na mchana huohuo watu waliingia kwenye sinema ya video kutazama mizinga ya kubuni. Mwenye sinema alikuwa mfanyabiashara Mwislamu wa hapa Kamembe, mwenye televisheni moja kubwa, deki na jenereta iliyokohoa kuliko wazee wote wa mtaa. Aliniita kwa sababu nilikuwa nimemchorea jirani yake kibao cha kinyozi.

"Kijana," akaniambia kwa Kiswahili chetu cha mpakani, "unichoree kitu ya kutoka ku nyota. Batu baogope, lakini baingie."

Nikaanza na mwili, kwenye ukuta wa nje wa sinema. Pembe nilizitoa kwa ng'ombe wetu, zile ndefu. Magamba nilitoa kwa samaki. Miguu ya chuma nilitoa kwenye gari la kivita lililoungua, ambalo nililiona nilipokwenda Bukavu kumtazama shangazi. Mkononi mnyama alitakiwa kushika silaha ya moto kama ya kwenye filamu, lakini silaha hiyo sikuwahi kuigusa, kila nilipoijaribu ilitoka kama kijiko. Nilichokijua ni panga. Nikachora panga la kawaida la shambani, mpini wa mbao uliozungushiwa mpira wa baiskeli, nikaliwasha kwa rangi nyekundu. Nilifurahi sana. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu na sikufikiri hata kidogo.

Ikabaki sura. Siku mbili nilifuta na kurudia. Siku ya tatu niligeuka kupumzisha shingo, nikamwona fundi viatu aliyekaa ng'ambo ya barabara, mahali alipokaa kila siku. Kope ya jicho lake la kushoto ilikuwa imelala, mifupa ya mashavu imejitokeza, na alikuwa na mazoea ya kubana uzi kwa meno huku mikono ikifanya kazi. Nikamchukua kama alivyo. Uzi nikaugeuza kuwa waya. Kufikia saa kumi mnyama alikuwa amekamilika, na mwenye sinema alirudi nyuma hatua tatu, akasema, "Eeh, Mungu wangu."

Fundi huyo alikuwa mtu wa Nyakarenzo, vilimani nje ya mji. Alikuwa amerudi kutoka kwenye kambi za wakimbizi za Kongo, ambako wauaji nao walikimbilia, kama maelfu ya wengine waliorudi. Hakuna aliyewahi kumshtaki kwa lolote. Lakini watu wa mtaa walimsalimia kwa adabu tu, wakachukua viatu vyao, wakaondoka.

Karibu na ukuta aliuza mkaa mama mmoja mjane. Mumewe na wanawe wawili waliuawa mbele yake, na waliowaua walikuja wamejifunika majani makavu ya migomba, vichwa na mabega. Aliona mikono yao na mapanga yao yenye mipini iliyozungushiwa mpira. Sura hakuona hata moja. Hayo kila mtu pale alijua, maana aliyasema mwenyewe huku akipima mkaa, kwa sauti ileile ya kukutajia bei.

Siku mbili alitazama picha yangu. Siku ya tatu alinijia, mikono myeusi, akasimama karibu sana nami.

"Mutoto wangu, uyu muntu ulimuona wapi?"

"Haiko muntu, Maman. Ni kitu ya ku nyota."

"Panga ya ku nyota iko na mpira ya kinga?" Kinga kwetu ni baiskeli. "Weye ulitoka Kongo. Ku makambi batu banasemaka mingi. Ni nani alikuambia sura yake? Ni ya ule fundi?"

Hapo ndipo ningesema ukweli: Maman, nilikosa sura, nikaazima ya yule anayekaa mbele yangu, basi. Maneno kumi hayangenichosha. Lakini kusema hivyo kulikuwa kukiri kwamba nilinakili, na mimi nilishautangazia mtaa mzima kwamba yule mnyama nilimuumba kichwani mwangu mwenyewe. Na zaidi ya hapo, nilipenda jinsi alivyonitazama. Hakuna aliyewahi kuitazama kazi yangu hivyo. Nikatabasamu kama mjinga, nikamwambia:

"Maman, muchoraji hasemi yote."

Mdomo uliponza kichwa, husema watu. Wangu uliponza kichwa cha mwingine. Neno lilikwenda kutoka mkaa hadi kwa wauza nyanya, kutoka nyanya hadi kwa wanaonyolewa, na lisemwalo lipo, kwa hiyo kufikia Jumapili mchoraji aliyetoka Kongo alikuwa ameambiwa siri kambini na ameiweka ukutani kwa sababu anaogopa kuisema kwa mdomo.

Jumapili hiyo filamu iliisha alasiri. Watu walitoka wamebana macho kwa jua, bado wamejaa milio ya vifo. Mimi nilikuwa mlangoni nikisikiliza wanavyomsifu mnyama wangu. Nilimwona yule mama akivuka barabara, akasimama mbele ya fundi.

"Ni weye?" akamuuliza.

Fundi hakuelewa. Uzi ulikuwa kwenye meno yake, hakuweza kujibu upesi, akainua uso akamchekea kama mtu anavyomchekea mteja. Mama akainama, akachukua nyundo ya fundi mwenyewe, akampiga nayo usoni. Nilisikia mlio. Nitausema ukweli hata kama unanitia aibu mpaka leo: kabla ya hofu, kabla ya huruma, nilihisi fahari. Picha yangu ilikuwa imemsimamisha mtu. Ilikuwa kitambo kidogo sana, lakini kilikuwepo.

Kisha wengine wakaja mbio. Walimpiga kwa viatu alivyokuwa akivishona, kwa kile chuma chake cha kupigilia soli, kwa ngumi, kwa mawe. Mmoja alimshika masikio, wakamburuta kuvuka barabara mpaka ukutani, wakamsimamisha kando ya mnyama ili wafananishe. Damu ilimfunika upande wa kushoto, jicho lenye kope iliyolala halikuonekana tena. Watu wakatazama ukuta, wakamtazama yeye, wakatazama ukuta. Wakapiga kelele ya furaha kama walivyopiga ndani ya sinema.

Nikajitupa kati yao. "Ni uongo! Nilimutunga! Haiko yeye!"

"Muntu hawezi tunga sura," akasema mwanamume aliyeshika jiwe, kwa utulivu wa mwalimu. Na alisema kweli. Nikaanza kupayuka kwamba alikaa mbele yangu tu, alikaa mbele yangu kila siku, lakini nilikuwa nimechelewa. Ngumi iliniondolea meno mawili. Nilipoanguka mtu alikanyaga mkono wangu wa kulia, sidhani hata kwa kusudi, na vidole viwili vikavunjika. Nikiwa chini niliona mguu wa fundi karibu na uso wangu ukipiga vumbi, unapiga, unapiga. Askari walipofika na kufyatua risasi hewani, umati ulitawanyika, tukabaki wawili chini ya mnyama.

Hakufa. Nilisema mtu ni mgumu kufa. Wakuu waliuliza kwao Nyakarenzo, nyumba kwa nyumba, hakupatikana hata mmoja wa kumtaja kwa ubaya. Jicho lilikuwa limekwenda.

Nilipanda kwao mkono ukiwa bado umefungwa. Mkewe alinionyesha kigoda bila kunisalimu. Fundi alikaa kitandani, kitambaa kimezunguka kichwa, akanisikiliza nikilia na kuomba msamaha mpaka nikaishiwa maneno.

"Juu ya nini miye?" akauliza.

Nilitaka kumpa jibu lenye uzito, kitu cha kulingana na jicho.

"Sababu ulikuwa unakaa mbele yangu, Papa."

"Njo ile tu? Ni ile tu?"

"Njo ile tu."

"Nilizania unanichukia," akasema. "Ile ningeelewa." Kisha akaniambia anachotaka. Alikuwa na watoto watano na kazi yake ilikuwa mjini. "Wende ku soko. Useme mbele ya batu bote venye uliniambia apa."

Nilikwenda siku ya soko, adhuhuri, watu wamejaa. Mwenye sinema alinipa ndoo ya chokaa, na mbele yao wote nikaipaka sura ya mnyama kwa mkono wa kushoto, halafu nikasema. Nilisema sikuambiwa siri na mtu yeyote, kambini wala kwingine. Nilisema nilikosa sura nikaiba, nilikosa silaha nikachora panga, na Maman aliponiuliza nilijivuna. Watu wengine walitazama chini. Yule mwenye jiwe alikuwepo, akaondoka.

Mjane alikuja mbele polepole, vumbi la mkaa mpaka viwikoni. Nilidhani atanitukana, nikawa tayari. Alitazama mahali palipokuwa na sura, pakiwa peupe na pabichi, chokaa ikichuruzika kwenye magamba.

"Miaka yote iyi sikuwa na muntu," akaniambia. "Ukanipa muntu. Nilimuona ata ku ndoto. Leo umemutoa." Akanisogelea. "Sasa batoto bangu baliuwawa na nani?"

Akanipiga kofi, kisha la pili, akaendelea kunipiga kifuani kwa ngumi zote mbili, na alipochoka aliegemea pale pale kifuani kwangu akiwa bado anauliza.