Mpika kisra wa Kakuma aliyeikataa njia fupi ya ng'ambo

“Weye Mabior, usituanzie!” Onésphore anapaza sauti, mashine ya kunyoa mkononi, mteja wake akiwa na nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. “Siku ile ulisema nini? Si ulisema huyu mama kichwa kimemuruka?”

“Nilisema afikirie vizuri,” anajibu Mabior bila kuinua macho kutoka kwenye simu za watu anazozichaji.

“Afikirie! Nilikuwaka hapa hapa. Ulisema atatuchomea sisi wote. Leo barua imefika, unasema ni weye ulimushauri!”

Ni saa mbili asubuhi, Kakuma Moja katika kambi ya wakimbizi, Oktoba 2013, na jua limeshaanza kuuma. Kati ya kinyozi Onésphore, kutoka Kongo, na kibanda cha Mabior, kutoka Sudan Kusini, kuna ua wa miiba. Nyuma ya ua huo, Adhar Mabil anamimina uji wa mtama uliochachuka juu ya bamba la chuma lenye moto, anautandaza kwa kipande cha jani la mkoma, na kabla hujamaliza kupepesa macho amekwisha kuibandua kisra, mkate mwembamba, laini, usio na tobo hata moja.

“Waache,” anasema Adhar, mama wa miaka thelathini na minane. “Walinigombania nilipokuwa na shida, sasa wananigombania nina furaha. Afadhali leo.”

Barua wanayoigombania ilifika juzi. Inamruhusu kuhamia Australia, kwa kaka yake Dhieu, na ina majina matatu: lake, la mwanawe Atem, na la Nyibol. Hilo la tatu ndilo lililoleta maneno mtaani kwa mwaka mmoja na miezi mitano.

Na huu ni mtaa usio na siri. Sufuria ikiungua kwa Wakongo, Wasomali wa upande wa pili wameshajua ni maharagwe.

Adhar aliingia Kenya mwaka 2003 kupitia Lokichoggio, akitokea Bor, kusini mwa Sudan, mume wake Yai akiwa ameshauawa vitani. Alikuwa na watoto wachanga wawili. Mgongoni alimbeba Atem, wa miezi sita. Kifuani alimbeba Nyibol, wa miezi miwili, binti wa shemeji yake. Mama yake Nyibol alifariki wiki chache baada ya kujifungua, na baba yake alikuwa ametangulia. Kaka zake wawili, mapacha Ngor na Chan, walibaki Bor kwa bibi yao, kwa kuwa Adhar hakuwa na mikono minne.

Kwenye mapokezi ya kambi aliulizwa, “Hawa wote ni watoto wako?”

“Nilisema ni wangu,” anakumbuka. “Ningesema nini? Kwetu mtoto wa ndugu ya mume wangu ni mtoto wangu. Nilikuwa namnyonyesha. Anayeuliza tumbo ni nani?”

Karani akaandika. Tarehe za kuzaliwa hazikujulikana, basi akawapa wote wawili ile ambayo nusu ya kambi wanayo: Januari mosi. Hivyo kwenye karatasi Atem na Nyibol wakawa wamezaliwa siku moja, kwa mama mmoja. Wakawa mapacha.

Adhar hakujua. Aliishi na kadi yake ya chakula, akipokea mtama, akiugeuza kisra. Anauza moja shilingi kumi. Siku nzuri huuza arobaini, na akitoa kuni na mtama wa kuongezea hubaki na shilingi mia moja na hamsini, au mia mbili. Kwa hizo amewavisha watoto sare na viatu miaka yote.

Kisha, Mei 2012, faili lake la kwenda Marekani lililokaa miaka sita likaamka. Akaitwa kuhojiwa.

“Nilivaa nguo ya kanisani,” anasema. “Niliwapaka watoto mafuta mpaka wakang'aa kama sahani.”

Mambo yalikwenda vizuri mpaka wakafika kwenye majina. Mkalimani, Mdinka kama Adhar, aliiangalia karatasi, akamwangalia Adhar, akakohoa. Kwa Wadinka, mtoto anayezaliwa baada ya mapacha, jina lake linamsubiri kabla hajalia kilio cha kwanza: akiwa mvulana ni Bol, akiwa msichana ni Nyibol.

“Akaniambia kwa lugha yetu, polepole, ‘Mama, hawa wameandikwa mapacha. Basi huyu Nyibol alimfuata nani? Alijifuata mwenyewe?’”

Adhar anacheka sasa mpaka machozi. Siku ile hakucheka. Ofisa aliona kuna jambo, akampa wiki tatu arudi na maelezo yaliyonyooka.

Jioni ile ua wake ulijaa. Wengine alikuwa hajawahi kuwaona. Kila mmoja alikuja na ushauri wake, na kwa kuwa Adhar hamtoi mtu nje na njaa, kila mmoja alikula.

Mabior ndiye aliyekuwa na jibu la haraka. “Mama Atem, hili ni jambo dogo,” alimwambia. “Sema ni mapacha kweli, na huyo msichana amerithi jina la bibi yake. Nani atamfuata bibi kaburini kumuuliza?”

Watu wakapiga makofi. Lilikuwa jibu zuri. Lilikuwa rahisi, na Marekani ilikuwa karibu kuliko ilivyowahi kuwa.

Lakini kulikuwa na njia nyingine mbili. Ya kwanza ilikuwa kurudi Bor, nchi ikiwa imeshapata uhuru. Hiyo Adhar aliiacha mapema, kwani shule ya watoto ilikuwa hapa. Ya pili ilikuwa fomu za Australia ambazo kaka yake alimtumia tangu 2010, zikalala kwenye sanduku la bati kwa sababu Marekani ilionekana iko mlangoni. Fomu hizo zilikuwa na nafasi ya kuandika yatima anayelelewa na ndugu. Ila yatima huyo alitaka karatasi ya mahakama. Na mahakama iko Lodwar.

Ni kuanza tena kutoka sifuri, baada ya miaka sita ya kungoja.

“Sikulala vizuri siku nne,” anasema. “Halafu Nyibol akaniuliza, ‘Mama, tukifika Amerika, Ngor na Chan watakuja lini?’”

Hapo ndipo alipoona kitu ambacho ua mzima wa washauri haukukiona. Nyibol akiingia Marekani kama pacha wa Atem, hana kaka mwingine. Akikua, akapata kazi, akataka kuwaita Ngor na Chan, karatasi itamwambia hao si ndugu zake.

“Wale vijana wako hai Bor, wanachunga ng'ombe,” anasema Adhar, na sauti yake inashuka. “Mimi niwaue kwa mdomo wangu? Nimwibie mtoto ndugu zake ili nifike haraka? Hapana.”

Alirudi ofisini kabla ya wiki tatu kwisha, akaeleza yote, akaomba faili lile lisimame.

Mtaa ukawaka moto. Waliokula kisra yake wakapita mbali na ua wake. Mabior aliacha kumsalimia kabisa, na akakataa hata kumchajia simu. “Umetuchomea,” alimwambia mbele za watu. “Sasa watafungua kila faili.”

Onésphore, akirudi kwenye kichwa cha mteja wake, anathibitisha. “Mabior alipita hapa kama bwana mkubwa, hatazami kando. Mi nikamuambia mama, njoo, simu yako ntaichaji kwenye betri ya mashine yangu. Wateja wakanyolewa kwa mkasi juma zima!”

Kutoka Kakuma hadi Lodwar ni kilomita kama mia na ishirini, na mkimbizi hatoki kambini bila kibali. Kibali kilimchukua wiki tano. Nauli, kwenda na kurudi kwa watu wawili, ilimlia kisra za mwezi mzima. Agosti akafika mbele ya hakimu, Nyibol pembeni yake, akaulizwa swali moja: nani alikuona ukimlea mtoto huyu?

Majirani wote Wadinka waliogopa kwenda. Waliogopa majina yao kuandikwa. Hakimu naye alitaka mtu asiye na faili la kungojea, asiyefaidika na lolote.

Shahidi wa namna hiyo alikuwapo mmoja tu: Akidor.

Akidor ni mwenyeji, Mturkana wa Lopur, nje ya kambi. Tangu 2003 amemletea Adhar kuni, naye Adhar humlipa kwa mtama. Lakini mwezi ule wa Agosti mbuzi wake walikuwa wamehamia malisho ya upande wa Nakalale, naye alikuwa huko nao. Simu hana. Adhar alirudi Kakuma mikono mitupu, kesi ikiwa imesogezwa hadi Oktoba, na watu walikuwa tayari na vicheko.

“Hapo nilianza kusema labda Mabior alikuwa sawa,” anakiri.

Alimpa kila Mturkana aliyepita na mkaa ujumbe wa kumfikishia Akidor. Muuza mkaa akamwambia mchungaji, mchungaji akamwambia mke wa mchungaji mwingine. Wiki ya pili ya Oktoba, asubuhi, Akidor alisimama nje ya ua wa miiba, miguu yake nyeupe kwa vumbi.

“Ejok!” alisalimu kwa Kiturkana. “Wamesema mahakama inataka mimi. Mimi nimeiba nini?”

Kisa cha mahakamani anakisimulia Akidor mwenyewe. Amekalia mzigo wake wa kuni leo hii, anatafuna kisra ya pili, na hataki mtu amkatize.

“Hakimu anauliza mimi, unajua huyu mtoto namna gani? Mimi nasema, hakimu, huyu mtoto ameniharibia mbuzi!” Anaangalia kama wote wanasikiliza. “Mama yake, maziwa ilikauka. Watoto wawili, titi mbili, njaa moja. Mimi nikaleta maziwa ya mbuzi yangu nyekundu. Huyu mvulana alikunywa kidogo. Huyu msichana alikunywa mpaka mtoto wa mbuzi akakonda, akakufa. Nasema, hakimu, nani anaweza kusahau mtoto kama huyu?”

Mahakama nzima ilicheka, hata askari wa mlangoni. Hakimu aliuliza kama ana hakika Adhar hakumzaa mtoto huyo. Akidor akasema aliambiwa siku ya kwanza kabisa kwamba mama wa mtoto amekufa, na kwamba kuna kaka wawili waliobaki nyuma. “Huyu mama alilia juu ya hao wawili. Mimi nilikuwa sijui kabila yake inasema nini. Kulia, nilijua.”

Wiki hiyo hiyo karatasi ya ulezi ilitoka. Ndani yake Nyibol ni yatima wa marehemu shemeji yake Adhar, na Ngor na Chan wameandikwa kwa majina yao, ndugu zake wa damu, wakazi wa Bor.

Adhar aliitia karatasi kwenye mfuko wa nailoni, akaufunga kiunoni chini ya nguo, na hakuufungua mpaka Kakuma. Fomu zikaenda kwa Dhieu, zikaenda mbele. Aprili mwaka huu wakahojiwa. Mkalimani alikuwa yule yule.

“Alipofika kwenye jina la Nyibol akaniuliza, ‘Huyu alimfuata nani?’ Nikamjibu, ‘Aliwafuata Ngor na Chan.’ Akatabasamu, akaandika.”

Nyibol mwenyewe, miaka kumi sasa, yuko darasa la nne. Anajua habari nzima, pamoja na ya mbuzi, na anaona aibu kidogo ikitajwa mbele ya wenzake. “Nitamlipa Akidor mbuzi nikiwa daktari,” anasema. Akidor anajibu kwamba atakubali hata kabla ya udaktari.

Safari ni mwezi Desemba, kama vipimo vya afya vitakwenda sawa. Dhieu amepata nyumba ya vyumba viwili. Adhar amesikia kwamba huko kuna Wadinka wengi wanaokula mkate wa dukani huku wakilia, na tayari anahesabu wateja. Jambo la kwanza atakalofanya, anasema, ni kutafuta mtu wa kumwonyesha fomu za kuwaita Ngor na Chan. Safari hii hakuna tarehe ya kubuni. Bibi yao huko Bor anakumbuka siku waliyozaliwa, na ametuma ujumbe.

Bamba la chuma ameshamwahidi Akidor, ambaye anataka kupika kisra Lopur. “Nitawauzia watu wangu,” anasema Akidor. “Wakikataa, nitasema ni dawa.”

Jua limepanda. Mteja wa Onésphore hatimaye ana kichwa kizima na ameondoka. Ua umejaa watu kama jioni ile ya Mei, ila leo hakuna anayetoa ushauri. Masahani yanazunguka, mchuzi wa bamia unachemka, watoto wanapigania kisra ya juu.

Mabior ameacha simu zake. Amesimama kwenye tundu la ua, nje, kadi yake ya chakula mkononi, imekunjwa na kukunjuliwa mpaka pembe zimechakaa. Mtaa mzima unajua kwamba watoto wanne wameandikwa kwenye kadi hiyo, na kwamba wawili ni wa marehemu kaka yake.

“Mama Atem,” anasema, akiangalia chini. “Ile mahakama ya Lodwar… mlango wake ni upi?”

Onésphore anafungua mdomo.

“Onésphore, nyamaza,” anasema Adhar, hata hajageuka. Anabandua kisra, anaikunja mara mbili, anaiweka kwenye sahani, anamimina mchuzi juu yake. Ndipo anamtazama Mabior.

“Lodwar haihami. Mabior, ingia ule.”