Nukta ya Enid

Kwa miaka ishirini na sita Enid Ogden ndiye aliyetengeneza shabaha za mashine yetu, ile inayorusha mwali wa chembe ugonge metali na kuzaa viini vipya vya atomu, huku kaskazini mwa Uingereza. Alipitisha metali kwenye rola ya mkono hadi ikawa nyembamba kuliko ganda la kitunguu, akaibandika juu ya dhahabu, kisha akatia nukta ya penseli kwenye fremu: upande huu uelekee mwali. Hakuna aliyekagua nukta ya Enid. Ingekuwa matusi.

Wiki ile ilikuwa ya mwisho. Ijumaa mashine ingezimwa moja kwa moja. Gethin, mwanafizikia wetu, alibakiwa na siku tano za kujua jambo lililomsumbua miaka tisa. Kiini cha atomu kikizunguka kwa kasi mno hurefuka kama mpira wa raga. Kasi ikipungua hutoa miali ya gama, hatua kwa hatua, kama mtu anayeshuka ngazi. Halafu ghafla kinarudia umbo la kawaida, na miali ya mruko huo hakuna aliyewahi kuiona.

Jumatatu, hola. Jumanne, hola.

"Gethin, hata ngazi yenyewe haipo!" nilimwambia.

"Tulia bwana. Data bado kidogo."

Jumatano, tukinywa chai, Enid alichukua shabaha ya akiba akaisogeza hadi puani. Biskuti yake ikadondokea kikombeni.

"Nukta nimeitia upande wa dhahabu," alisema. "Na ile iliyomo mashineni pia."

Siku mbili nzima mwali ulikuwa ukipoteza nguvu kwenye dhahabu kwanza, na viini vikazaliwa bila kasi ya kurefuka.

"Macho, Enid?" Gethin aliuliza.

"Tangu Krismasi, mwanangu. Ningesema, wangenitoa kazini kabla ya mashine kuzimwa."

Mimi nilijua. Nilimwona ameacha kujaza fumbo la gazeti, nikanyamaza. Najichukia kwa hilo.

Tuliigeuza shabaha. Ngazi ikajitokeza saa ileile. Ijumaa adhuhuri, kando yake, kikachomoza kilima kidogo kwenye skrini.

"Ndio mruko wenyewe?" Enid aliuliza.

"Huenda. Ningepata siku mbili zaidi, ningeapa."

"Ulikuwa nazo," alisema Enid. "Nimezila mimi."

Saa kumi wakazima.

Makala ilitoka mwaka uliofuata, na sentensi yake ya kwanza ilisema: njia ya kiini kurudi bado haijulikani. Mwishoni Gethin alimshukuru Enid Ogden kwa ustadi wa shabaha zake. Nilimsomea mimi nyumbani kwake, kwani hakuweza tena kusoma. Shukrani hakuzijali. Aliniomba nirudie ile sentensi ya kwanza.