Chapati ya Mtoto

Mama yangu anauza chapati Kawangware, karibu na njia ya kwenda Riruta, na ana desturi yake moja. Mwanamke mjamzito akinunua, humwongezea moja ya bure. "Hii ni ya mtoto," husema, na hataki kushukuriwa.

Nilipoolewa Kibera, kwa watu wa ugali na omena, vile vidagaa vya ziwani, mama aliingiwa na wasiwasi kwamba nitakonda. Niliposhika mimba ya kwanza akaanza kuniletea chapati kila Jumamosi, amezifunga kwa leso zisipoe. Nilizila zote. Tumbo likafura, nikaharisha, nikadhoofika, na kila mtu akasema hiyo ni mimba tu. Ikatoka. Ya pili nayo ikatoka, na kwa hasira zangu nikamlaumu mama mkwe. Nilisema omena zake ndizo zinazonivuruga tumbo. Akiniletea chakula, nikawa narudisha sufuria yake kama ilivyokuja, na bado nikajiona nina akili.

Tangu hapo sijashika mimba nyingine. Nilihangaika sana kabla daktari hajanipima damu na utumbo, akasema nina siliaki: nikila ngano, mwili wangu unaushambulia utumbo wake wenyewe, na chakula hakinijengi. Nikamuuliza kama ndiyo iliyonitolea mimba.

"Inaweza kuwa," alisema. "Siwezi kuapa."

Afadhali angeapa, upande wowote. Hiyo "inaweza" ndiyo ninayolala nayo.

Kwa mama mkwe nilienda kuomba msamaha. Alinipakulia omena, akakaa kunitazama mpaka nikamaliza. Kwa mama yangu nilishindwa. Nilizidi kupokea chapati zake na kuwagawia majirani, huku nikimwambia zilikuwa tamu, hadi akaanza kuuliza mbona sinenepi. Uongo ukanichosha. Nikaenda kibandani kwake, nikamweleza yote akiwa anakanda unga, hata kwamba chembe tu ya ngano hunidhuru.

"Kwa hivyo ni mimi?" aliuliza.

"Si wewe, mum. Ni mwili wangu. Hata daktari hana uhakika."

"Lakini ni mimi nilikuwa naleta."

Nikajichukia kwa kufungua mdomo.

Hapo akaja msichana mwenye mimba kubwa, mteja wake, akanunua chapati mbili. Mama akamfungia mbili. Msichana akasubiri kidogo, maana alikuwa amezoea, kisha akaondoka. Nikamwambia mama kwamba ngano haiwadhuru watu wengi, kwamba huyu hana shida. Aliendelea kukanda kana kwamba sikuwepo.

Nikachukua chapati ya juu, bado ya moto, nikamkimbilia yule msichana.

"Umesahau ya mtoto," nikamwambia.

Akacheka, akaipokea, akashika tumbo lake kwa mkono mwingine. Nilimwonea wivu, sitaficha, na wivu huo ukanitia aibu.

Niliporudi, mama alikuwa ameacha unga na ameshaosha mikono yake hadi kwenye viwiko. Alishika jagi la maji na kipande cha sabuni, na hakuniangalia usoni.

"Leta mikono," alisema.

Akanisugua kidole kimoja kimoja, hadi chini ya kucha, na alipomaliza akaanza tena.