Mkono Niliompa Mbele ya Mtoto Wangu

Jina langu lisitiriwe. Mimi ni mwanamume wa miaka sitini na moja, mzaliwa wa upande wa Kola, Machakos. Shule niliiacha darasa la sita. Tangu ujana nakata mawe kwenye machimbo huku pwani, na nyumbani nafika mara mbili kwa mwaka. Msichana wangu ndiye amenikubalia niandike haya. Nitamwita Mwende, ingawa si jina lake.

Miaka ya tisini ikielekea kuisha, Mwende alikuwa na miaka tisa. Jumapili moja viatu vyake vya kanisa vilipotea. Mama yake akaazima vingine, navyo vikapotea. Mtoto alichapwa na hakusema kitu. Ni mama yangu mzazi, yule watoto walimwita Susu, aliyevimulika kwa tochi ndani ya shimo la choo. Hakumkemea. Alimkalisha jikoni akamuuliza, “Ni viatu hutaki, ama ni kanisa?” Hapo ndipo mtoto aliposema yale mwalimu wa watoto wa Jumapili alikuwa akimfanyia, akimbakisha nyuma eti wapange vitabu sandukuni.

Mtu huyo hakuwa ameajiriwa. Alijitolea tu. Alifundisha watoto kuimba, alibeba wagonjwa kwa baiskeli yake, na kina mama walimsifu kila mahali.

Nilitumiwa habari kupitia dereva wa lori, nikafika siku ya nne. Nilimkuta mke wangu ameshafunga nguo za mtoto kwenye karatasi, tayari kwa safari. Aliniambia, “Twende Machakos. Hospitali kwanza, halafu polisi.” Mimi nikasema tungoje nisikie wazee wa kanisa. Sikulazimishwa na mtu. Ni mimi nilisema tungoje.

Wazee walituita chumba cha nyuma ya madhabahu, wakatupatia chai. Mwenyekiti wao alisema, “Huyu ndugu anajitolea. Tukimpeleka kwa polisi, nani mwingine atakubali kufundisha watoto?”

“Basi wasifundishwe,” mke wangu akajibu.

“Mama, ongea pole pole. Hapa ni kanisani.”

“Hata yeye alikuwa hapa kanisani.”

Mwenyekiti akamwacha, akanigeukia mimi. “Wewe unakaa mbali, watu wako unatuachia sisi. Mama yako ni mgonjwa. Siku yake ikifika, unataka nani amzike?”

Nikakubali yaishe pale pale. Kwetu, mtu akizikwa bila mchungaji, boma lake husemwa miaka na miaka. Niliwaza kaburi la mama, nikamsahau mtoto aliye hai. Zile nguo mke wangu alizifungua mwenyewe jioni hiyo, akazirudisha kwenye kamba ya nguo.

Adhabu waliyompa yule mwalimu ni kiti cha nyuma kwa miezi sita, bila meza ya Bwana. Ndiyo hiyo hiyo alipewa mtu aliyelewa, au msichana aliyepata mimba kabla ya ndoa. Kanisa liliambiwa tu kwamba ndugu ameteleza. Wengi walidhani ni pombe. Na kile kiti cha nyuma kiko karibu na mlango, kwa hiyo kila mtoto aliyeingia alipita kwanza mbele yake, naye akawasalimia kwa majina.

Mke wangu aliacha kwenda kanisa hilo. Krismasi nilipokuja likizo, miezi sita ilikuwa imeisha, na siku ya kumrudisha kundini ilikuwa imetangazwa. Desturi yetu ni kwamba aliyemaliza adhabu anasimama mbele, na washirika wote wanapanga foleni kumpa mkono. Nilimchukua Mwende twende naye. Nilidhani akiona mambo yameisha, yataisha hata kwake. Mama yake alituangalia tukitoka.

Zamu yangu ilipofika nilimpa mkono. Alinishika kwa mikono yake miwili akasema, “Mungu akubariki, Baba Mwende.” Nikajibu amina. Nilipogeuka, mtoto wangu alikuwa amesimama juu ya benchi ili aone vizuri.

Mwende alikuwa na mazoea, kila nikija, ya kushika mkono wangu njiani na kuhesabu sugu za mawe. Siku hiyo alitembea mbele peke yake. Hajawahi kunishika mkono tena, hata siku ya harusi yake.

Susu alipojua ni kwa nini nilifanya vile, aliniambia, “Ningezikwa na majirani.” Alikufa mwaka uliofuata. Kanisa lilikuja lote, na yule mtu ndiye aliongoza nyimbo kaburini.

Sasa mwezi huu Mwende amenipigia simu. Ana msichana wa miaka minane. Kanisa limefungua tawi karibu na alikoolewa, na mtu yule amependekezwa kuwa mlezi wa watoto huko. Jina lake linasomwa Jumapili tatu, ili mwenye pingamizi aseme. Limesomwa mara moja.

“Baba, Jumapili ya tatu nitasimama,” aliniambia. “Na kutoka hapo naenda polisi. Sikuombi ruhusa. Nataka kujua utakuwa umekaa wapi.”

Juzi mwenyekiti wa zamani, sasa ni mzee sana, akanipigia pia. “Zuia msichana wako asijiaibishe. Kitabu cha kanisa kiko. Kimeandikwa wewe baba yake ulimpa mkono.”

Ni kweli nilimpa. Wakimuuliza Mwende mbona baba yake alisamehe, hana jibu. Jibu niko nalo mimi, na ni jibu la aibu. Nauli ninayo na ruhusa kazini nimepewa.

Ninyi mnaosoma, hasa mlioumizwa mkiwa watoto na wazazi wenu wakanyamaza, niambieni. Nisimame kabla yake nimpunguzie mzigo, ama nikae kando yake niache aseme mwenyewe, kwa kuwa mara ya kwanza nilimsemea vibaya? Na nikisimama, nianze na dhambi ya yule mtu, au na yangu?