Bambo Juu ya Simu Mbili

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Shule niliishia darasa la nne, na biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu nikauza mtama soko la Majengo huku wasomi wakisubiri mishahara. Mtama huo ndio ulionijengea duka la dawa, na muuguzi mstaafu nikamwajiri mimi.

Yeye ndiye aliyeniletea habari za programu ya simu inayoeleza dawa. Ya bure alikuwa nayo. Akataka nimlipie ile kubwa, ya kulipia.

"Ya bure ina kasoro gani?"

"Haisemi dawa ipi inagombana na ipi, Mzee. Hapo wameweka kufuli."

Nikacheka. Anayekufungia mlango ujue anauza funguo.

Lakini mama yangu kule Haneti alikuwa anavimba miguu na presha haishuki, ingawa vidonge vyake nampelekea mwenyewe, pamoja na vya magoti. Nikaamua kuzipima hizo programu mbili. Daktari mmoja wa Makole, mteja wangu, alikuwa na ile ya kulipia. Nikamwita dukani, nikaziweka simu mbili kaunta, yake na ya muuguzi.

Sokoni hatununui gunia kwa macho. Tunalichoma bambo, kile chuma chenye tundu, tuone punje za ndani. Basi nikachoma: dawa ya malaria, ya minyoo, ya presha. Kote maneno yale yale.

"Mtama mmoja huu," nikamwambia daktari. "Umepigwa!"

"Mzee, umechoma juu tu," akasema muuguzi. Akachukua simu ya daktari, akaandika dawa mbili za mama kwa pamoja. Ikatokea alama nyekundu.

Daktari akasoma. "Hii ya magoti inapandisha presha, inaumiza na figo. Nani anazimeza zote?"

"Mama yangu."

"Mpigie sasa hivi."

Nikapiga. "Shikamoo, mama. Vile vya magoti acha leo hii."

"Marahaba. Si ulisema vyako vinashinda vya hospitali?"

Daktari akaninyang'anya simu, akamwambia aje apimwe.

Miguu ilinywea. Ila bado nasema, anayekueleza dawa bure akakuficha ugomvi wake ni mjanja kutupita sote Majengo. Nililipia ile kubwa nikiikodolea macho simu, nikingoja wanikate mara mbili. Walinikata mara moja tu. Shilingi elfu kumi na moja na mia tano, pamoja na makato.