Kiti cha Kugeukia

Mume wangu alipoambiwa kwamba macho yake hayatapona, neno lake la kwanza, tukiwa bado kwenye ngazi za kliniki, lilikuwa kwamba twende tukalale nje. Nilidhani amechanganyikiwa. Yeye ni mwalimu wa jiografia, mtu wa kuchora mito ubaoni bila kufungua kitabu, na tangu kifungua mimba wetu azaliwe amekuwa akituahidi safari ile ile: tubebe hema, sufuria na magodoro, tupite Kilgoris, tufike kwenye ukingo wa mteremko unaotazama mbuga, tulale pale, na asubuhi tuamke tukiwaona wanyama chini yetu. Kila likizo ilipata sababu ya kuahirishwa. Sasa daktari alikuwa amesema presha ya macho imeshakula pembeni na inaelekea katikati, na kwamba dawa ya matone inaweza kuichelewesha lakini haiwezi kurudisha kilichokwenda. Itaichelewesha mpaka lini? Daktari akatazama kalamu yake.

"Nataka niwaone watoto wakiona," mume wangu aliniambia. "Hiyo tu. Baada ya hapo giza lije likitaka."

Ndipo mimi, mwanamke wa kukaa ofisini nikijumlisha hesabu za watu, nikaanza kutafuta pikapu. Kigari chetu cha zamani kisingeifikia Lolgorian, karibu na ukingo ule, mvua ikinyesha, na mizigo ya watu watano wanaolala nje si mchezo. Tuliuza kiploti cha Suneka tulichokuwa tumekipangia nyumba. Sikulia. Nililia baadaye, kwa sababu nyingine.

Kwetu mtu hanunui gari peke yake. Ukinunua, boma zima limenunua. Baba mkwe akashuka kutoka kijijini kwao Gesima, amevaa koti lake la harusi na mazishi na gambuti zenye udongo wa shamba la chai, tukaenda wote kwenye yadi ya magari mjini Kisii. Muuzaji akatuonyesha mbili. Moja ilikuwa singo kebin: viti vya mbele tu, na nyuma bodi ndefu ya mizigo. Ya pili ilikuwa dabo kebin, yenye viti vya nyuma pia, na kwa hiyo bodi yake ilikuwa fupi.

Mimi nilikuwa tayari nimeshaamua: ya pili. Baba mkwe naye alikuwa na kipimo chake. Alivua kofia, akaikabidhi kwa muuzaji kama anayemkabidhi mtumishi, akapanda kwenye bodi ya ile singo kebin, akalala chali. Akanyoosha miguu. Akaweka mikono kifuani.

"Hii ndio gari," akasema akitazama mawingu. "Imenitosha na nafasi inabaki."

Muuzaji akacheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka. Kwetu anayefia hospitali ya mjini lazima arudishwe kwao akazikwe, na kabla ya kusifu injini ya pikapu wazee hutazama kama jeneza litaingia. Mama mkwe alirudishwa nyumbani kwa pikapu ya kuomba, iliyokuwa na majani ya ndizi yaliyooza sakafuni, na mzee hajasahau mpaka leo. Nilimwelewa. Lakini hasira ilinipanda. Mume wangu alikuwa na pengine wiki chache tu za kuona, na babake alikuwa akijipimia kaburi juu ya magurudumu!

Heshima ya kwetu hainiruhusu kubishana na baba mkwe ana kwa ana. Nikamgeukia mume wangu nikasema kwa sauti ambayo hata mbao za yadi zilisikia: "Watoto wangu hawatakaa nyuma kwenye bodi kama mikungu ya ndizi ya Nyamache."

Mzee akahamia kwenye dabo kebin. Alilala, gambuti zikagonga mlango wa nyuma. Akakunja magoti, akajaribu kulala kimshazari, akashindwa. "Hii ingine ni ya kubeba mkate," akasema.

Wakati huo mume wangu alikuwa akizunguka magari yale polepole, kiganja kikipita juu ya bati. Nilidhani anatafuta mahali palipopakwa rangi upya. Alifungua dabo kebin, akaingia kiti cha mbele cha abiria, akakaa. Kisha akageuza kichwa akatazama viti vya nyuma vilivyokuwa vitupu. 

"Tuchukue hii," akasema. "Nikigeuka, niwe na watoto wangu nyuma yangu."

Baba mkwe akashuka, akaipokea kofia yake. "Na mimi mtanirudisha na nini?" akamuuliza mwanawe. "Mtanikunja?"



Jumamosi kabla ya shule kufungwa tulikwenda Gesima kujaribu hema. Hakuna kati yetu aliyewahi kusimamisha hema, na sikutaka tufike kule ukingoni tuanze kugombana na vyuma mbele ya fisi. Bodi ilikuwa fupi kweli. Mizigo yote ya safari, tuliyoibeba kuona kama itaenea, ilikuwa imejaa hadi juu, ikabidi tuishushe yote nyasini ili tulifikie hema chini kabisa. Tukashusha mlango wa nyuma. Watoto wakavuta kamba huku na huku, wakapigana, wakapatana, hema la kijani likasimama mbele ya nyumba ya babu yao likiwa limepinda upande mmoja. Mume wangu akasema ataingia wa kwanza aone kama urefu wake unatosha. Akatambaa ndani, akalala. Ni mtoto wa babake.

Sikufikiria lolote. Mtu ukizoea kuwaza jambo moja tu, huoni mengine. Lakini kwetu hema halisimamishwi bomani kwa starehe. Likisimama, kuna msiba. Na hapo mlimani kila boma linaonekana na jingine: watu wa ng'ambo ya bonde waliona hema, pikapu mpya, mlango wa nyuma umeshushwa, magodoro yametolewa nje. Na wote walikuwa wamesikia kwamba mwalimu ni mgonjwa, bila mtu kuwaambia ni mgonjwa wa nini.

Kilio kilianzia chini kwenye mashamba ya chai. Sauti moja, kisha nyingine ikaipokea. Nilipogeuka, wanawake walikuwa wakipanda kwa mbio, mikono kichwani, mmoja na kuni, mwingine na mkungu wa ndizi mgongoni, wakimwita mume wangu kwa sifa ambazo hawakuwahi kumpa akiwa darasani. Mwalimu wetu! Aliyetufundishia watoto! Unatuachia nani! Shangazi yake alijitupa nyasini mbele ya hema.

"Hajafa!" baba mkwe akapiga kelele, akitokea jikoni na kikombe cha chai mkononi. "Yaya, hapana! Hajafa, anapima tu!"

Mume wangu akatoka akitambaa. Mwanamke mmoja aliangusha kuni, akakimbia mpaka kwenye ua. Kisha kicheko kikalipuka, kicheko cha watu ambao machozi yao bado yako mashavuni, na kila mmoja akitaka kumshika marehemu mkono. Shangazi akasimama mbele yake, mkono umenyooshwa. Mume wangu akatabasamu, akamsalimu "Bwakire," akanyoosha wake pembeni kabisa, akaushika mgomba uliokuwa kando ya hema.

Wakacheka zaidi. "Mwalimu na mizaha yake!"

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeuona uso wake, mkono ulipougusa mgomba.

Nilimshika mkono nikamvuta hadi nyuma ya jiko. Nikamwonyesha vidole vyangu. Hakujaribu kuvihesabu.

"Tangu lini?"

"Mwanga nauona. Kivuli nakiona."

"Nimekuuliza tangu lini!"

"Tangu kabla ya yadi."

Nilimpiga kifuani kwa viganja vyote viwili. Ndiyo, nilimpiga, kipofu, nyuma ya jiko la babake, watu wakicheka upande wa pili. Nikamwambia yeye ni mwongo, kwamba tumeuza kiploti, kwamba nimepigana na mzee kwa ajili ya viti vile. "Ulisema ukigeuka uwaone!"

"Sikusema niwaone," akasema. "Nilitaka niwe na mahali pa kugeukia."

Hapo ndipo nilipolia. Alinisubiri nimalize, kisha akasema twende leo leo, na nisiwaambie watoto mpaka tufike. Nikamuuliza twende kufanya nini. Akasema walioahidiwa safari ni watoto pia.

Tulipakia upya. Wanawake walikataa katakata kurudi na ndizi na kuni zao, wakasema wameshazibeba mlima wote kwa ajili yake na ndizi hizo atazila. Bodi haikutosha. Baba mkwe alifunga mkungu juu ya hema kwa kamba ya katani, akilalamika kwa kila fundo kwamba ile nyingine ingebeba haya yote na yeye juu. Alipomaliza alikuja dirishani kwangu. Alimtazama mwanawe, nikajua kwamba yeye pia ameuona mkono ule ukiushika mgomba. "Mokamwana," akaniambia, yaani mke wa mwanawe, "endesha polepole. Huyo msikie yeye. Akitaka kusimama, simama."

Tulifika ukingoni jua likiwa bado juu. Nilizima injini. Chini yetu mbuga ilikuwa imetandazwa mpaka mwisho wa macho, na watoto wakapiga kelele wote pamoja, wakarundikana kwenye dirisha la kulia nyuma yangu, vichwa vitatu kwenye kioo kimoja, kwa sababu walikuwa wameona twiga.

Mume wangu akageuka. Aliegemeza bega kwenye kiti, akageuza kichwa kama alivyofanya siku ile kwenye yadi, akatabasamu tabasamu ambalo amekuwa akilitunza tangu mtoto wa kwanza azaliwe. Alilielekeza upande wa kushoto, ambako hapakuwa na mtu. Palikuwa na blanketi na sufuria.

"Mnawaona?" akauliza.

Kifungua mimba akageuka ili ajibu. Alimwona babake anavyotazama, akanitazama mimi kwenye kioo cha kutazamia nyuma.  Nikamwonyesha kwa mkono upande wa kushoto. Aliliondoa lile blanketi taratibu, akaweka sufuria chini, akawavuta wenzake kwa mikono, na mmoja baada ya mwingine wakaacha twiga, wakasogea kushoto, mpaka wote watatu wakawa wamekaa pale alipokuwa anatazama.

"Ndiyo, baba," akasema. "Tunawaona."