Hewa ya Wizi

Gari zima likisimama lina mlio mmoja tu. Gari linaloumwa lina miwili: hupanda kama linataka kuondoka bila dereva, kisha hushuka hadi unashika roho, halafu hupanda tena. Wiki iliyopita mteja aliniletea la zamani, la petroli, lenye ugonjwa huo. Aliliacha likinguruma mlangoni mwa karakana yangu hapa Karatu, na harufu ya mafuta yasiyoungua vizuri ikaingia ndani pamoja na vumbi jekundu. Vijana wangu wakaanza kubishana kuhusu plagi. Mimi nilisimama na spana mkononi, nikawa na miaka kumi tena, uani kwetu Ganako.

Niseme wazi, maana sipendi unyenyekevu wa uongo. Karakana hii nimeijenga kwa jasho langu, sikupewa hata msumari, na ukutani imetundikwa stashahada ya ufundi wa magari niliyoisomea Dar es Salaam nikiwa msichana pekee darasani. Madereva wa watalii hawateremki Kreta, lile bonde la wanyamapori, bila kupita kwangu. Lakini hakuna mwalimu wa chuo aliyenifundisha kusikiliza injini. Hilo nilifika nalo.

Baba alikuwa mkulima wa ngano na maharage, mwenye pikapu aliyoinunua ikiwa imeshachoka. Majirani waliiita Kifaduro. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, vipuri vilikuwa vya kuvisikia tu, kwa hiyo baba aliitengeneza mwenyewe, na mimi, mtoto wake wa pekee, nilikuwa mkono wake wa pili. Injini ikizunguka polepole gari likiwa limesimama, mafundi wa kwetu husema liko kwenye sailensa. Baba alilitamka neno hilo kama mtu anayetaja ukoo wake.

“Likikimbia, kila gari linajifanya zima,” aliniambia. “Lisikilize kwenye sailensa, Paulina. Hapo litakwambia kila kitu.”

Mama, mkunga aliyejua Kiingereza cha vitabuni, hakumwacha. “Baba Paulina, sailensa maana yake kimya! Hilo lako lina kimya gani? Linakohoa mpaka kuku wanaacha mayai.”

“Wewe zalisha watu, Mama Paulina. Mgonjwa huyu niachie mimi.”

Mama alifanya kazi zahanati ya Olbalbal, kule tambarare kavu ng'ambo ya Kreta, ambako wafugaji hushinda njiani na ng'ombe wakitafuta maji. Alikuja nyumbani siku nne kila baada ya miezi miwili, kanga zake zikinuka sabuni ya dawa na moshi wa kuni za huko. Kisha baba alimrudisha kwa Kifaduro.

Safari moja, asubuhi ya kuondoka, Kifaduro ilikataa kutulia. Ilipanda, ikashuka, na baba alipoondoa mguu kwenye mafuta, ikazima. Njia ya Olbalbal hupita ukingoni mwa Kreta, ndani ya ukungu unaokuficha hata boneti yako mwenyewe. Gari la kuzima ovyo hulipeleki huko. Mama alifungua tena begi lake, na mimi nilikimbilia nyuma ya ghala kuficha meno yangu.

Baba alifungua plagi, akazisafisha. Alizibua vitundu vya kabureta kwa unywele wa mkia wa ng'ombe. Alikaza skrubu ya sailensa ili angalau isizime, akaiacha ikizunguka, akaingia ndani kunawa. Hapo ndipo nilipoinama nikasikia mluzi mwembamba. Mpira mdogo nyuma ya kabureta ulikuwa umepasuka kwa chini. Niliuziba kwa kidole, na injini ikatulia kama mtoto aliyepewa titi. Nikaondoa kidole, ikaanza tena vurugu zake. Baba alikuwa amenifundisha kwamba injini ikivuta hewa ambayo haikupita kwenye chujio, inachanganyikiwa. Aliiita hewa ya wizi.

Alitoka mlangoni mikono ikidondoka maji. “Umegusa nini?”

“Sijagusa kitu, baba.”

Alinitazama kidogo. “Haya,” akasema, akarudi kwenye plagi zake.

Siku mbili! Mama alinisuka nywele juani, magoti yake yakinibana masikio. Alimenya maharage mabichi huku akinihadithia wanawake wa Olbalbal wanavyomtania kwa kuogopa punda. Baba alikuja kula na grisi viwikoni, akakaa nasi hadi chai ikapoa, akaomba nyingine. Kila nilipotaka kusema, niliutazama uso wa mama nikanyamaza.

Siku ya tatu alifika mwanamume wa Kimaasai, shuka lake limejaa vumbi. Alikuwa ametembea hadi barabara kuu, akapata lori.

“Yeyo,” alimwita mama, kwa neno lao la kumwita mama mzazi. “Mke wa kaka yangu, uchungu unakaribia. Mtoto amelala mshazari. Wanawake wanasema wewe ndiye unajua kumgeuza.”

Mama hakuuliza kuhusu gari. Alijifunga kanga kiunoni, akatwaa begi. “Nitatembea. Lori lolote litakalopita ni langu.”

“Baba,” nilisema, “ni hewa ya wizi. Mpira wa nyuma.”

Baba hakuinama kutazama. Alitoa mfukoni mwa shati kipande cha tyubu ya baiskeli, kimekatwa vizuri kwa urefu wa kidole, akauzungushia mpira ule na kuufunga kwa waya. Kifaduro ikanguruma kwa sauti moja. Waliondoka wote watatu, na mama akapiga kelele dirishani: “Fundi wangu huyo!” Sikuweza hata kupunga mkono. Mtoto yule alizaliwa mzima, lakini mimi nililala na aibu yangu miezi miwili, mpaka mama aliporudi.

Chuoni, mwalimu alitupa mtihani: sailensa inapanda na kushuka, utaanza kukagua wapi? Niliandika bila kufikiri, mipira na gasketi zinazoingiza hewa, kazi ya dakika moja. Kisha kalamu ikasimama. Baba, aliyenifundisha jambo hilo kabla sijajua kugawanya, alihangaika siku mbili na kila kitu isipokuwa mpira ule. Na kile kipande cha tyubu kilikuwa kimekatwa tayari.

Sikuwahi kumuuliza, na sasa amelala Ganako kando ya mama. Utoto wangu wote niliamini kwamba katika nyumba ile ni mimi peke yangu niliyemkosa mama. Kumbe kulikuwa na mwanamume mzima uani, anasafisha plagi zilizokuwa safi, ili mke wake alale nyumbani siku moja zaidi.